Watu Saba, Hati Moja: Mwongozo wa Kuandika kwa Pamoja bila Kufutiana Kazi

Siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa hukaa ufukweni, maana karabai haiwavuti dagaa wakati ziwa lote linang'aa. Kwetu wachuuzi, hizo ndizo siku za makaratasi. Katika mbalamwezi moja kikundi chetu kiliamua kuandika upya katiba kwenye hati ya mtandaoni, kila mtu akiwa alipo: watatu Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, wawili Igombe, mmoja Kayenze, na mama mhazini wetu Nansio, kisiwani Ukerewe. Jioni nzima tuliandika, tukiona maneno ya wenzetu yakichomoza kwenye kioo cha simu. Asubuhi nikaisoma. Ibara ya faini ilisema: "Atakayechelewesha mchango atatozwa shilingi 1000010000."

Hakuna aliyekosea kuandika. Tulikuwa tumekubaliana faini ipande kutoka 5000 hadi 10000. Watu wawili wakaona 5000 bado ipo, wakaifuta kwa wakati mmoja, na kila mmoja akaandika 10000 yake. Programu ilipopatanisha kazi zao, 5000 ilifutwa mara moja tu, kwa kuwa kilichokwisha kufutwa hakifutiki tena. Maandishi mapya yakahifadhiwa yote mawili, ya huyu na ya yule.

Hizi ni hatua ninazozifuata tangu hapo kama katibu. Tunatumia Google Docs na Google Sheets, kwa sababu karibu kila mwenye simu ya Android ana akaunti ya Google tayari. Ukipenda Word, faili lazima likae OneDrive au SharePoint ndipo wengi waweze kulihariri kwa pamoja. Mengi ya hapa chini yatakufaa vilevile.

Kabla ya yote: jua programu inapatanisha nini

Chukua mstari huu: "sato na sangara". Wewe uko Kirumba, unaongeza "furu, " mwanzoni. Sekunde hiyohiyo mwenzako wa Nansio anafuta "sangara", yaani herufi ya 9 hadi ya 15, ukihesabu na nafasi. Agizo lake likifika kwenye simu yako kama lilivyo, litafuta herufi ya 9 hadi ya 15 za mstari ambao umeshasogea, na utabaki na "furu, saangara".

Ili hilo lisitokee, programu hulirekebisha agizo kabla ya kulitekeleza. Inaona kwamba nafasi sita zimeongezwa mbele yake, inasogeza hesabu, inafuta herufi ya 15 hadi ya 21. Simu zote mbili zinaishia na maneno yaleyale: "furu, sato na".

Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 1989 na Clarence Ellis na Simon Gibbs huko Marekani, na Google Docs inafanya kazi kwa mbinu ya ukoo huohuo. Ellis ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1969. Vijana wa kikundi chetu nawatajia jina lake kila ninapowafundisha, kwa sababu wanatumia akili ya mtu huyu kila siku na wanastahili kumjua.

Sasa itazame tena ile "na" iliyobaki ikining'inia mwishoni. Programu haikuona tatizo lolote. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba simu zote zina herufi zilezile kwa mpangilio uleule, na hiyo inaifanya vizuri sana. Kama sentensi ina maana, kama faini ni elfu kumi au bilioni moja, kama ibara ya 4 inapingana na ya 9, hayo yamebaki mikononi mwenu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu makubaliano ya watu, na vitufe ni vichache.

Hatua ya 1: Hati iwe moja, na kila mtu aingie kwa jina lake

Ukituma faili la Word kwenye kundi la WhatsApp, umezaa nakala kwa kila atakayelifungua. Baada ya siku mbili mtakuwa na "katiba mpya", "katiba mpya 2" na "katiba ya mwisho kabisa", na hakuna programu itakayowaunganishia. Weka hati mahali pamoja mtandaoni, tuma linki tu, na linki hiyo ibandikwe juu kwenye kundi ili mtu asiitafute. Nakala za zamani waombe watu wazifute. Sisi tulipita kwa mtu mmoja mmoja, na bado ilichukua wiki.

Usifungue hati kwa yeyote mwenye linki. Mtu akiingia bila akaunti, hati itamwonyesha kwa jina la mnyama fulani asiyejulikana, na mabadiliko yake hayatakuwa na mwenyewe. Waongeze wanachama kwa anwani zao za barua pepe, kisha gawa ruhusa. Wanaohitaji kusoma wawe watazamaji, wenye maoni wawe watoa maoni, na waandishi halisi tu ndio wawe wahariri. Hati ya Google inaruhusu hadi watu 100 kuhariri kwa wakati mmoja, lakini uzoefu wangu ni kwamba wakizidi wanne kwenye ukurasa mmoja, kazi inageuka vurugu.

Jambo dogo ambalo limetuumiza: wenzetu wengine huandikia kwenye kompyuta za steshenari. Akiondoka bila kutoka kwenye akaunti yake, mteja anayefuata anaweza kuifungua hati, na kila atakachogusa kitaandikwa kwa jina la mwanachama wetu. Mkumbushe kila mtu atoke kwenye akaunti kabla hajalipia na kuondoka.

Hatua ya 2: Gawa majaruba

Waliokulia mashamba ya mpunga ya Usukumani wanajua jaruba lina tuta la mpaka. Hati nayo iwe hivyo. Kabla ya siku ya kuandika, mtu mmoja aweke vichwa vyote vya habari, na chini ya kila kichwa aandike jina la mhusika: "Ibara ya 5, Michango. Mwandishi: mama mhazini." Katika saa za kuandika, ibara hiyo ni yake. Wengine wakiona kosa, waache maoni pembeni bila kugusa maneno.

Acha mistari mitupu miwili au mitatu kati ya ibara na ibara. Watu wengi wanaandikia simu, na kidole kinateleza kirahisi kikaangukia aya ya jirani.

Utaona vishale vyenye rangi na majina ya watu. Kishale cha mwenzako kikiwa kwenye aya unayoitaka, muulize kwanza. Sisi tunaulizana kwenye WhatsApp, kwa maneno mafupi:

"Shikamoo mama. Upo ibara ya 5?"

"Marahaba mwanangu. Nipo, nipe dakika kumi."

"Sawa mama, naenda ibara ya 8 kwanza. Ukitoka unistue."

Mazungumzo ya mistari mitatu kama haya yametuepusha na migongano mingi. Kumbuka pia kwamba mtandao ukiwa mzito, kishale cha mwenzako kinaweza kuchelewa kuonekana. Aya kuonekana tupu si uthibitisho kwamba hakuna mtu, kwa hiyo uliza hata pale usipoona rangi yoyote.

Kuhamisha aya nzima ni hatari kuliko kuihariri. Ukikata ibara ya 7 na kuibandika juu ya ibara ya 3 wakati mwenzako anaandika ndani yake, kwa programu umefuta mahali pamoja na kuandika upya mahali pengine. Maneno aliyokuwa akiyaandika yanaweza kufutika na aya ya zamani, au yakabaki yameelea pale ilipokuwa. Kazi ya kupanga upya ibara mpe mtu mmoja, tena mwishoni, wenzake wote wakiwa wameondoka kwenye hati.

Hatua ya 3: Penye pesa, tarehe na majina, pendekeza kwanza

Docs ina hali ya kupendekeza. Kwenye kompyuta iko juu kulia, kwenye alama ya kalamu, au bonyeza Ctrl, Alt, Shift na X kwa pamoja. Kwenye simu utaipata ndani ya vidoti vitatu. Ukiwa katika hali hiyo, maneno unayofuta yanachorwa mstari katikati, mapya yanakaa kwa rangi yako, na hakuna kinachobadilika mpaka mwenye ruhusa ya kuhariri akubali.

Utaratibu wetu ni kwamba namba yoyote ya shilingi, tarehe yoyote na jina lolote la mtu havibadilishwi moja kwa moja. Unapendekeza, na katibu anakubali. Kama tungekuwa nao usiku ule, ningeona mapendekezo mawili ya 10000 yamekaa juu ya 5000 moja, ningekubali la kwanza na kulikataa la pili.

Mapendekezo yasilale, hata hivyo. Yakifika thelathini kwenye ukurasa mmoja hakuna anayeweza kuisoma hati, na watu wanaanza kupendekeza juu ya mapendekezo. Nayapitia kila jioni.

Hatua ya 4: Jedwali lina sheria zake

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo hasara zetu kubwa zilipotokea, na ndipo watu wengi hawaoni hatari.

Katika hati ya maandishi, wawili wakigongana, mara nyingi maneno ya wote wawili yanabaki. Yanachekesha, lakini yanaonekana. Kwenye jedwali sivyo. Kisanduku kimoja kinabeba thamani moja, na anayeandika mwisho ndiye anayebaki. Wa kwanza anafutika kimyakimya, bila onyo.

Jumamosi moja jedwali letu lilionyesha magunia 40 ya dagaa ghalani. Kijana wa Igombe akapokea magunia 5, mwenzake wa Kirumba akapokea 7. Wote walikuwa wamesoma 40. Wa kwanza akajumlisha kichwani, akaandika 45. Wa pili akajumlisha, akaandika 47. Ghalani kulikuwa na magunia 52, na siku mbili nzima watu wawili waaminifu walitazamana kwa mashaka juu ya magunia matano ambayo hayakuwa yamepotea.

Dawa yake ni hii: pasiwe na mtu anayeandika jumla kwa mkono. Kila tukio liwe na mstari wake, na jumla ihesabiwe na fomula. Kolamu zetu ni nne: A ni tarehe, B ni jina, C ni maelezo, D ni magunia. Yanayoingia ni namba ya kawaida, yanayotoka yana alama ya kutoa mbele.

Lakini hata hapo watu wawili wanaweza kuukimbilia mstari mtupu uleule. Kwa hiyo kila mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, una ukurasa wake ndani ya jedwali hilohilo: Kirumba, Igombe, Nansio. Ukurasa wa mbele una kisanduku kimoja chenye fomula:

=SUM(Kirumba!D2:D)+SUM(Igombe!D2:D)+SUM(Nansio!D2:D)

Kijana wa Igombe haingii kabisa kwenye ukurasa wa Kirumba. Makarani wetu hufanya jambo lilelile wanaposhusha mzigo: kila mmoja anapiga mistari kwenye daftari lake, na mwisho wanajumlisha madaftari. Nilifurahi sana kusoma kwamba wataalamu wa kompyuta wana kitu cha namna hii hasa. Mwaka 2011 Marc Shapiro na wenzake walieleza rasmi aina za data zinazopatanika zenyewe, na mojawapo ni kihesabio ambacho kila kifaa kinaongeza namba yake tu, hakigusi ya mwenzake, na jumla hupatikana kwa kujumlisha zote. Vifaa hivyo vinaweza kukaa bila mawasiliano, na vikikutana hesabu inatoka sawa.

Kama wanaoingiza taarifa ni wengi au hawajazoea majedwali, tengeneza fomu ya Google Forms. Kila anayejaza fomu anapata mstari wake bila kumgusa mwingine. Kwa michango ya kila wiki ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Jambo la pili ni kupanga. Usipange wala kuchuja jedwali wakati wengine wamo ndani. Ukichagua kolamu ya majina peke yake na kuipanga kwa alfabeti, majina yanahama na namba zinabaki, na mchango wa mmoja unaangukia kwa mwingine. Hata ukilipanga jedwali zima kwa usahihi, mwenzako aliyekuwa akiutazama mstari wa 12 anashangaa mstari umehama, na kidole chake kinaandika kwa mtu mwingine. Sheets ina mwonekano wa kichujio ulio wako peke yako, kwenye menyu ya Data. Ukiutumia, wewe unaona orodha iliyochujwa na wengine wanaona jedwali kama lilivyokuwa. Tumia huo.

La tatu ni kulinda. Kwenye menyu hiyohiyo ya Data kuna sehemu ya kulinda kurasa na visanduku. Linda fomula zote, linda vichwa vya kolamu, na kila ukurasa wa mwalo uruhusiwe kwa mhusika wake tu. Fanya kazi hii kwa kompyuta mara moja, ukitulia. Ni nusu saa.

Hatua ya 5: Mtandao ukikata

Mama mhazini wetu huvuka kwa meli kati ya Mwanza na Nansio, na katikati ya ziwa simu yake hupoteza mtandao. Kabla ya kupanda, anaifungua hati na kuiwekea ipatikane nje ya mtandao. Akiwa njiani anaandika, simu inayatunza mabadiliko yake, na mtandao ukirudi inayatuma yote kwa mkupuo.

Ugumu uko hapo kwenye mkupuo. Kwa saa kadhaa yeye amekuwa akihariri hati ya asubuhi, na sisi wa nchi kavu tumeshaibadilisha. Kadiri muda ulivyo mrefu ndivyo migongano inavyoongezeka. Tumekubaliana kwamba aliye nje ya mtandao haruhusiwi kurekebisha maneno yaliyopo. Anaongeza tu, tena chini kabisa ya hati, chini ya kichwa chenye jina lake na saa: "Kutoka melini, saa nne asubuhi." Akifika ufukweni, anasubiri hati iseme imehifadhiwa, anasoma kilichobadilika, ndipo anahamishia maneno yake yanapostahili.

Umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya kazi, fuata utaratibu huohuo. Na usifunge programu kabla hujaona neno la kwamba mabadiliko yamehifadhiwa.

Hatua ya 6: Kitu kikipotea

Usianze kuandika upya kwa hofu, na usimlaumu mtu. Kwanza bonyeza Ctrl na Z, lakini ujue kwamba hapo unatengua kazi zako mwenyewe tu. Aliyoyafuta mwenzako hayarudi kwa kitufe chako.

Kama aliyefuta ni mwingine, fungua menyu ya Faili, kisha historia ya matoleo. Kwenye kompyuta njia ya mkato ni Ctrl, Alt, Shift na H. Utaona hati ilivyokuwa saa kwa saa, pamoja na jina na rangi ya kila aliyebadilisha. Kwenye jedwali unaweza pia kubofya kisanduku kwa kitufe cha kulia na kuona historia yake peke yake. Tungeijua mapema, yale magunia matano yangepatikana ndani ya dakika moja.

Ukishaliona toleo lenye aya yako, usikimbilie kitufe cha kurejesha. Kitufe hicho kinairudisha hati nzima ilivyokuwa saa ile, na kazi yote ambayo wenzako wamefanya tangu hapo inaondoka kwenye hati ya sasa. Unaokoa aya yako moja na kuzamisha kumi za wengine. Badala yake, nakili aya hiyo kutoka kwenye toleo la zamani, rudi kwenye hati ya sasa, ibandike mahali pake. Urejeshaji wa hati nzima uwe uamuzi wa katibu, baada ya kuwatangazia watu watoke.

Hatua ya 7: Soma kwa sauti, kisha funga

Usiku wa mwisho hakuna anayeandika isipokuwa mtu mmoja. Tunapigiana simu ya pamoja, mmoja anasoma hati kwa sauti tangu mwanzo, wengine wanafuatilia kwenye vioo vyao. Hapo ndipo "na" zinazoning'inia zinapokamatwa. Katika usomaji wetu tuligundua kwamba ibara ya 4 ilikuwa imefuta cheo cha mhazini msaidizi, na ibara ya 9 bado inampa funguo ya sanduku. Kila mwandishi alikuwa ndani ya jaruba lake, na kila badiliko lilikuwa sahihi pale lilipo.

Mkikubaliana, ingia kwenye historia ya matoleo na ulipe toleo hilo jina, kwa mfano "Katiba iliyopitishwa", pamoja na tarehe. Kisha wabadilishe wahariri wote kuwa watazamaji na uchapishe nakala ya karatasi kwa ajili ya saini. Kwenye kundi ninaandika ujumbe mmoja: hati imefungwa, mwenye hoja aiandike kwangu, tutaifungua tena mbalamwezi ijayo.